Ramani ya mafuriko ya Sabaki kwa QGIS: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Kazi yangu ni kuchora na kuchapa. Ramani za viwanja, mabango ya matanga, kadi za harusi, barua za wazee kwa mheshimiwa, vyote hupitia dukani kwangu hapa Malindi. Kwa hivyo kikundi cha wakulima wa Madunguni kilipotaka ramani ya kuonyesha Mto Sabaki ukijaa hufika wapi, moja ya kubandika kwenye ofisi yao na nyingine ya kupeleka kaunti, kazi ikaniangukia mimi. Nimeifanya kwa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, na nimekaa nayo tangu kusi hadi kaskazi ikaingia. Wengi huisifu programu hii kwa kuwa ni ya bure, wakaishia hapo. Mimi nitasema inakushika mkono wapi na inakuachia wapi.

Tumalize la pesa kwanza. Haina malipo, haina leseni ya kila mwaka, haina ile tabia ya kukufungia kazi katikati siku za majaribio zikiisha. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, Mmarekani aliyetaka tu kitu cha kutazamia data za ramani kwenye Linux, kisha ikashikwa na watu wa dunia nzima. Toleo la 3 lilitoka 2018, na yote niliyotumia kwa kazi hii ni ya ukoo huo. Gharama yako ni bando, kwa sababu faili la kusakinisha linapita gigabaiti moja. Likishaingia, intaneti huihitaji tena isipokuwa kwa kushusha data. Kwa sisi ambao mtandao ukikatika na kazi inalala, hilo si jambo dogo.

Sasa mwinuko, maana hapo ndipo kila kitu kinaposimama. Ramani ya mafuriko inauliza swali moja: hapa ni juu kuliko pale kwa mita ngapi? Jibu la bure linalotumiwa na wengi ni data ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka kwenye chombo cha angani Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11. Kila piksele ni mraba wa mita 30 hivi, na mwinuko umeandikwa kwa mita kamili, nusu haimo. Walioikagua walikuta kwamba kwa Afrika, vipimo tisa kati ya kumi havikosei kwa zaidi ya mita 5.6 hivi. Kwa mlima hilo ni sawa tu. Kwa Madunguni, ambako mita moja na nusu ndiyo inayotenga mahindi ya kuvuna na mahindi ya kuoza, ni kosa kubwa.

Tena rada ile haikuiona ardhi kila mahali. Ilipokuta miti, iliona karibu na vilele vyake. Mikoko ya mlangoni mwa mto, minazi, miembe mikubwa, yote inatokea kama vilima. Kwenye skrini yangu kulikuwa na kisiwa kizuri kabisa, kikavu, katikati ya uwanda wa mto, kimeinuka juu ya majirani zake wote. Mahali pale napajua. Ni shamba la minazi, na chini yake ni tambarare ile ile ya jirani. Mtu asiyepajua angepaandika "eneo la kukimbilia", na watu wangekimbilia.

Kwa bahati hatulazimiki kubaki na SRTM. Ipo Copernicus GLO-30, iliyotokana na vipimo vya setilaiti za TanDEM-X vya 2011 hadi 2015, nayo ni safi zaidi. Ipo pia FABDEM ya 2022, iliyofanyiwa kazi na watu wa Chuo Kikuu cha Bristol wakaondoa misitu na majengo kwa hesabu za kompyuta. Hii ya mwisho ndiyo iliyokishusha kisiwa changu cha minazi. Lakini hairuhusiwi kwa kazi za biashara, kwa hivyo soma masharti kabla hujamtoza mtu. QGIS hufungua zote tatu, unaziweka moja juu ya nyingine na kuona zinapogombana.

Kuna jambo ambalo wageni wanaokuja na laptopu zao huku hulipita haraka: mafuriko ya Sabaki hayanyeshi hapa. Maji yanaanza huko Ngong, Nairobi na nyanda za juu za Kiambu, yanashuka Machakos kama Athi, yanaporomoka Fourteen Falls, yanakutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga na kuwa Galana, yanapenya kwenye miamba ya Lugard Falls, yanapita Baricho, na huku chini ndipo yanapokuwa Sabaki yetu. Bonde zima ni kama kilomita za mraba 70,000. Unaweza kuamka Malindi jua limewaka, huna hata wingu la kukufuatia, na bahari imegeuka rangi ya matofali hadi ufuoni. Mgeni hotelini analalamika maji machafu. Sisi tunapiga simu mashambani kuuliza pampu zimeshatolewa mtoni au bado.

Maana yake ni kwamba anayekata ramani yake kwenye mpaka wa kata, au hata wa kaunti, ameshaikosa kazi. Lazima bonde lote liingie. Mipaka ya bonde iko tayari kwenye data ya HydroSHEDS, nayo ni ya bure, huna haja ya kuichora. Halafu unamwachia GRASS, programu nyingine ya hesabu za ramani iliyokaa ndani ya QGIS, akokotoe maji ya kila piksele yanaelekea wapi na yanakusanyika wapi. Kwa mita 30, bonde hili ni karibu piksele milioni 78. Laptopu yangu ya RAM GB 8 ililala na kazi hiyo, feni ikivuma usiku kucha. Asubuhi nikakuta mto umejichora wenyewe, na vijito vyake vyote, kutoka Ngong hadi Mambrui. Hapo niliipa QGIS nyota zake tatu za mwanzo bila kufikiri.

Nyota niliyoinyima inahusu mapishi. Ukitafuta namna ya kutengeneza ramani ya hatari ya mafuriko, video karibu zote zinakufundisha jambo moja. Chukua mteremko, mwinuko, umbali kutoka mtoni, mvua, udongo na matumizi ya ardhi. Kila tabaka lipe alama kutoka 1 hadi 5. Kisha upe kila tabaka uzito wake, mvua asilimia kadhaa, mteremko asilimia kadhaa, uzidishe, ujumlishe, upake rangi. Uzito unautafuta kwa mbinu ya AHP ya Thomas Saaty: unalinganisha vitu viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9 na kusema kipi kina nguvu kuliko kingine. Kikokotoo cha rasta cha QGIS, yaani cha ramani za piksele, kinamaliza kazi kabla chai haijapoa, na ramani inayotoka inapendeza sana. Inapendeza kupita ukweli wake.

Angalia mvua ilivyoniharibia. Data ya mvua inayotumiwa sana ni CHIRPS, iliyoanzia mwaka 1981, piksele yake kama kilomita tano. Inasema sawa kabisa kwamba pwani hupata mvua nyingi na kadiri unavyoingia bara kuelekea Lango Baya na Baricho mvua hupungua. Ukiipa mvua uzito mkubwa, ramani inakwambia kwamba wa Baricho na Lango Baya wana nafuu kuliko sisi wa mjini. Maji ya mto yanawafikia wao kwanza! Mtu wa Lango Baya akionyeshwa ramani hiyo atakucheka, na ana haki. Mvua inayomzamisha imenyesha Machakos.

Saaty aliweka kipimo cha kukagua kama maoni yako hayapingani yenyewe kwa yenyewe. Kikiwa chini ya 0.1 umefaulu. Nimeona ramani zinazonadiwa kwa kufaulu huko. Mtu anaweza kuwa na msimamo thabiti usiojipinga hata kidogo, na awe amekosea tangu mwanzo. Programu haikuulizi kwa nini mvua umeipa thelathini na mteremko kumi na tano. Inapokea, inapaka rangi, inakushukuru. Utasema kosa ni la mpishi wala si la sufuria, na nakubali kiasi. Lakini chombo kinachorahisisha upuuzi kiasi hicho kingeweza walau kukohoa kidogo.

Nililolipenda ni jingine, wenyewe wanaliita HAND. Kila piksele inafuatwa: tone likianguka hapa litateremkia njia gani hadi likutane na mto? Likishafika, unatoa mwinuko wa mto pale kwenye mwinuko wa mahali tone lilipoanzia. Basi. Shamba lenye HAND ya 2 liko mita mbili juu ya mkondo linakomwagia maji yake, hata kama mkondo huo uko mbali. Mto ukipanda mita tatu, kila penye chini ya 3 pana maji. Hakuna uzito wa kubishania. Ndani ya QGIS unaipata kwa zana za SAGA za kupima urefu wa wima hadi mkondoni (SAGA siku hizi unaiongeza kama plagini, yaani kiongezi cha programu), au kwa GRASS ukiwa na subira. Haikwambii maji yatakuja kwa kasi gani wala yatakaa siku ngapi, na mtu asikudanganye kwamba inajua. Kwa uwanda mpana kama huu wa Sabaki, hata hivyo, ilinifaa kuliko mapishi yote ya asilimia.

Nilichapa karatasi moja kubwa ya A1, tukaitandaza chini ya mwembe kule Madunguni na mawe pembeni isipeperuke. Mzee wa kikundi aliitazama kwa muda, akafuata njia kwa fimbo.

"Mwanangu, maji ya El Niño yalikomea pale kwenye mbuyu. Hayakuvuka njia ya ng'ombe. Wewe umeyapeleka hadi kisimani kwa shangazi yako."

Mzee mwingine akasema hapana, mbuyu ulifikiwa mwaka uliofuata. Wakabishana mwaka 1997 au 1998, sauti zikapanda, hadi mmoja wa vijana akakumbusha kwamba mvua zile zilianza 1997 zikaingia 1998. Wote wakawa wameshinda. Ya 1961 wengi wanayajua kwa kusimuliwa tu, nikayaacha. Ya 2018 na ya mwisho wa 2023 kila mtu alikuwa na alama yake: mstari wa tope ukutani, tawi la mwarobaini lenye takataka zilizonasa juu, ngazi ya ghala iliyooza hadi daraja fulani.

Kwenye ramani kulikuwa na ukanda mwembamba wa buluu nyuma ya nyumba, upande usio wa mto, ambao ungeweza kudhani ni uchafu wa data. Mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mchicha aliinuka, akaweka kidole juu yake kabla sijamweleza rangi zina maana gani. "Hapa ndipo yalipotuingilia. Sisi tulikuwa tumekodolea macho mtoni mbele, yakatujia kwa nyuma." Ni mkondo wa zamani wa mto, umejaa nyasi, watu wanapitisha baiskeli humo kiangazi. HAND ilikuwa imeuona. Ramani ya asilimia ilikuwa imepapaka njano.

Alama hizo tulizichukua kwa QField, ndugu mdogo wa QGIS anayekaa kwenye simu. Unasimama penye alama, unabofya, unaandika mwaka, unapiga picha. Mahali anapatia kwa mita chache, ila urefu unaotolewa na simu usiuamini hata siku moja. Dukani nikaziweka juu ya HAND na kuchagua viwango vinavyokubaliana nazo. Hiyo, kwangu mimi, ndiyo sehemu iliyoifanya karatasi kuwa ramani.

Tahadhari moja kwa wa Jilore. Kabla ya kukokotoa mtiririko, kila mwongozo utakwambia ujaze mashimo kwenye data ya mwinuko ili maji yasikwame. Zana hiyo haitofautishi kosa la rada na ziwa la Mungu. Ziwa Jilore ni bakuli ambalo Sabaki hulijaza ukifurika; ukilijaza wewe kwanza kwa kompyuta, umefuta mahali maji yanapopumzikia. Nililitenga kwa poligoni, mchoro wa kuzungushia mpaka, nikalirudisha baadaye kwa mkono. Kinyume chake, tuta la barabara likionekana kwenye data linaweza kuwa bwawa, na maji yakazunguka mahali ambapo kwa kweli yanapita chini ya daraja. Pale lazima ukate.

Picha za setilaiti za wakati wa mafuriko nilizitaka kwa ushahidi. Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014, hutumia rada, kwa hivyo wingu halimzuii, na picha ni za bure ukijiandikisha. Maji tulivu yanaonekana meusi kwa sababu yanaitupa rada upande mwingine. QGIS inakuwezesha kuchagua kiwango cha weusi na kusema chini ya hapa ni maji. Nikafanya, na ramani ikanitangazia kwamba matuta ya mchanga ya Mambrui yamezama na uwanja wa ndege wa Malindi ni ziwa refu lililonyooka. Mchanga mkavu laini na lami ni vyeusi vile vile. Dawa ni kulinganisha na picha ya kiangazi na kutoa vilivyokuwa vyeusi tangu zamani. Mikoko nayo hufanya kinyume, maji yakiwa chini ya majani hung'aa badala ya kuwa meusi. Isitoshe setilaiti moja hurudi kila baada ya siku 12, na kilele cha mafuriko hakimngojei mtu. Unaweza kupata picha ya tope tu.

Mfumo wa viwianishi, zile namba za kutaja mahali, utakusumbua siku ya kwanza, kisha utausahau. Malindi iko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za kupimia kwa mita. Ukichagua Kaskazini, namba za kwenda juu zitakuwa na alama ya kutoa. Ramani za zamani za serikali zimejengwa juu ya Arc 1960, msingi wa zamani wa vipimo, na ukiziweka juu ya data za setilaiti bila kuiambia QGIS, kila kitu kitasogea kama mita 300. Kwa shamba la kando ya mto, hiyo ni ng'ambo nyingine.

Rangi. Programu ina rangi tayari za nyekundu hadi kijani, na kila mtu anazitumia. Mimi nilikataa kijani. Kuna watu hapa wanaouza viwanja vya uwandani wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka, mto uko mbali kama vile umehama. Mtu wa namna hiyo akipata ramani yenye kijani atakunja kipande hicho na kumwonyesha mnunuzi: serikali imesema hapa salama. Nilitumia buluu za kukolea na kuacha karatasi nyeupe kwa kwingine, na chini nikaandika kwamba nyeupe maana yake ni kutochorwa. Sehemu ya kupanga ukurasa kwa ajili ya kuchapa ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia, na nimetumia za kulipia.

Kwa hivyo nyota nne. Mtu wa duka kama langu, mwalimu wa jiografia, kijana wa kikundi cha maji, nawashauri waichukue. Shusha toleo la muda mrefu, lile lenye herufi LTR, usikimbilie jipya la mwezi huu, plagini zinavunjika. Ukiwa na RAM ya GB 4 tumia HydroSHEDS ya mita 90 kwa bonde zima, kisha ukate mita 30 kutoka Baricho hadi baharini peke yake, itavumilia. Visima vya Baricho viweke kwenye ramani hata kama hukuombwa, maana maji mengi yanayonywewa Malindi hadi Mombasa yanatoka pale ukingoni, na kaunti watatazama hapo kabla ya kutazama shamba la mtu yeyote.

Na A1 ichapwe kwenye karatasi ya plastiki, ghali kidogo. Ile ya kwanza ya Madunguni ilikuwa ya kawaida na mchwa wameshaianza kwenye kona ya Mambrui.